Kuvamia Sayari ya Epiphanie

Hubert aliirudia familia yake Kitshanga baada ya miaka miwili, amekonda, akasema alikuwa Walikale akichimba madini. Mama yake, Rosalie, aliamini papo hapo, maana mama hulia kwanza, maswali baadaye. Majirani walinong'ona kwamba kijana alikuwa porini na bunduki, na lisemwalo lipo. Dada yake mkubwa, Epiphanie, aliwachukia majirani hao kwa moyo wote, na aliogopa wasije wakawa wanasema kweli.

Jumapili baada ya misa akamkaribisha Hubert kwenye chumba chake cha kazi, ambako kwa kawaida alipiga fotokopi na kuchajia watu simu. Ndani ya kompyuta mlikuwa na mchezo wa vita vya angani, watu wawili wakipokezana zamu. Epiphanie alikuwa bingwa. Wanaume wa mtaa mzima alikwishawanyoa bila maji.

"Mimi njo nitashambulia," Hubert alisema akicheka, akamwachia dada yake sayari ailinde. Kilikuwa kicheko chake cha zamani, na Epiphanie akafurahi hadi akawasahau majirani.

Hubert alishambulia vizuri mno. Hakugusa ngome. Aliteka mwezi kwanza, kwa kuwa ulikuwa juu, akakata njia ya chakula, kisha akangoja. Epiphanie alipoona nguvu hazimtoshi, akatumia hila ya kijijini kwao Muheto. Vita vikikaribia, familia yao huacha moto ukifuka jikoni, adui aone moshi adhani watu wamo, kumbe wote wamejificha mtoni nyuma ya migomba. Hubert alipogeukia barabarani kungoja zamu yake, dada mtu akawasha taa zote za mji mkuu na kuwahamishia watu mapangoni, upande wa pili wa sayari. Hila hiyo haikuwahi kumwangusha mchezoni.

Hubert hakuutazama mji hata kidogo. Alishusha askari wake wote mapangoni, na kwa zamu moja watu wa Epiphanie wakaisha.

"Ulijua namna gani?"

"Taa iko mingi sana, dada. Pale moto inawaka, bantu hawako. Siku zote iko vile."

Mwaka uliopita, waliovamia Muheto walizipita nyumba zote zilizofuka moshi, wakashuka mtoni bila kuuliza njia. Huko ndiko baba yao, Papa Grégoire, alikouawa. Waliosalia walikimbilia kambini hapa Kitshanga, na mpaka leo walikuwa wakiulizana ni nani aliyewaonyesha wale watu mahali pale.

"Ni weye njo ulibapeleka ku mto?"

Hubert hakuondoa macho kwenye skrini. "Balinifunga kamba, dada. Bantu ya kijiji ya Burungu balikuwa bameshakimbia, nikazani na nyinyi mumeshaenda. Nikabaonyesha, nikijua hakuna muntu. Papa aliniona. Alifurahi. Alizani nimerudi nyumbani."

Epiphanie alitaka kumpiga, alitaka kumkumbatia, na mikono yake ikashindwa kufanya lolote.

Mlango ukafunguliwa. Mama Rosalie aliingia na sahani ya fufu na maharage, akiwa bado na kitenge chake cha kanisani. "Hubert, mutoto yangu, kula kwanza. Muchezo haishibishe."

"Mama, ikala," Epiphanie alisema. "Hubert iko na neno ya kukuambia."

Mama Rosalie akaketi, sahani magotini, akimtabasamia mwanawe.