Mti Uliohama

Sisi watu wa msituni tuna adabu, na adabu hiyo nusura ituponze. Mgeni akija na jembe jipya na moyo mweupe, utamwambiaje kwamba hapa kambini miti haina pa kukaa? Wanaojitolea huja kutoka mjini kila msimu wa mvua, na wote wanataka kupanda. Panapohitaji miti ni kule mlimani, walikochoma wapasua mbao. Lakini ofisi ya chama chao imewakataza wageni kwenda huko, eti watavunjika miguu. Basi wanapanda uwanjani mbele ya kambi, wanapiga picha, wanalia kidogo, wanaondoka. Nasi tunaing'oa ile miche na udongo wake, tunaihamishia mlimani, na uwanja tunausawazisha kwa ajili ya kundi lijalo. Hakuna aliyedanganywa. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Mwaka huu akatokea wa kuuliza.

Alikuwa mwalimu mstaafu, tuliyemwita Mama Kofia kwa sababu kofia yake ilifika kwanza, yeye akafuata. Msimu uliopita alipanda mche kwa jina la marehemu mumewe. Sasa amerudi, tena ametumwa na chama chake aone kama ushirikiano wetu uendelee. Ushirikiano ukifa, walinzi wetu wa msitu, wanaolipwa na chama hicho, wanarudi nyumbani na wapasua mbao wanarudi msituni. Dada yangu, mwenyekiti wa kamati ya msitu, alikuwa hajalala kwa ajili hiyo. Mama Kofia akashuka garini, akajifuta vumbi.

"Nipelekeni kwa mume wangu."

Uwanja ulikuwa mweupe kama sahani iliyorambwa.

Dada alinikazia macho. Mimi ndiye mtunza kitalu, kwa hiyo lawama zote ni mali yangu. "Yule pale," nikasema, nikionyesha mti wa kwanza niliouona, nyuma ya jiko. Kumbe shemeji yangu, mume wa dada, mrina asali mwenye mdomo usio na kifuniko, naye anaonyesha upande wa chooni. Na dada, pamoja na uenyekiti wake, kidole chake kimeelekea mtoni.

Mama Kofia akatutazama mmoja mmoja, kama darasa lililoibiana majibu.

"Mume wangu alikuwa mmoja tu."

"Huyo wa jikoni ndiye, Mama," shemeji akajaribu kuokoa jahazi. "Amekua, Mungu mkubwa!"

"Kwa msimu mmoja? Huo mti unanizidi umri."

"Mbolea, Mama."

Aibu ilinipanda mpaka masikio yakawaka moto. Dada akaamua kukata mzizi wa fitina.

"Mama, tusamehe. Tulimhamisha."

"Mlimhamisha mume wangu?"

"Na wenzake wote. Huwa tunawahamishia mlimani."

Moyoni nilishaanza kuwaaga walinzi. Mama Kofia akavua kofia, akajifunika uso, mabega yakaanza kutikisika. Tukajua analia. Kumbe anacheka.

"Mtu yule hakukaa mahali pamoja maisha yake yote," akasema. "Siku ya harusi yetu nilimfuata uwanja wa mpira. Haya, twendeni mlimani."

"Ofisi imekataza, Mama," nikamkumbusha.

"Ofisi haijafiwa."

Tukampandisha, mimi mbele, dada nyuma akimsukuma kwa heshima, shemeji amebeba kofia. Huko juu, palipokuwa majivu matupu, miche ya misimu yote imesimama pamoja, mingine imeshatupita kimo na kushikana matawi. Mama Kofia akahema, akatazama huku na huku.

"Sasa ni yupi?"

Uongo ulinijia ulimini, mtamu, uko tayari. Nikaumeza.

"Sijui, Mama. Hakuna anayejua."

Nikaogopa kweli. Mama Kofia akausogelea mti wa karibu, akaushika shina. "Habari za siku nyingi," akauambia. Akaenda wa pili, akaushika nao. "Habari za siku nyingi."

"Nitawasalimu wote," akatuambia bila kugeuka. "Mwenyewe anajijua. Na chama nitakiambia kiendelee, ila wageni waleteni huku huku. Wakivunjika, wamevunjikia pazuri."

Tukamfuata polepole. Kwenye mti mmoja, mwembamba, wa kawaida tu, alisimama muda mrefu, hakusema chochote. Shemeji akafungua mdomo. Dada akamkanyaga.