Mvua ya Askari wa Keya

Byarugaba mchunga ng'ombe ndiye aliyefikisha habari ya mvua Kituntu. Ilikuwa Jumatatu alasiri, nyumbani kwa Kemirembe, na watu walikuwa wamejaa mpaka uani kwa sababu rubisi ya siku ile ilikuwa imeiva vizuri na ndizi zake zilikuwa tamu. Byarugaba alipangusa mdomo, akasema mvua kubwa imevuka Mto Kagera pale Murongo na inakuja huku. Mtu mmoja akamuuliza imevukaje. Akasema imevuka kwa mtumbwi kama watu wengine; ilifika ng'ambo ikamkuta mvushaji amekwenda kula, ikangoja.

"Ina ngurumo?" aliuliza Kemirembe, akimimina kibuyu kingine.

"Ngurumo ipo, ila imewekwa nyuma. Mbele ni maji matupu, yamenyooka kama ua wa zizi. Upana wake ni kilima hadi kilima. Haikimbii. Inakwenda mwendo wa watu waliozoea kutembea pamoja."

Halafu, kwa sauti ileile aliyokuwa akielezea malisho, aliongeza kwamba ndani yake mna watu. Ni askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, wale waliofia Burma. Aliwajua kwa kofia zao, upande mmoja umekunjwa. Kila penye nyumba iliyopotelewa na askari mvua husimama, radi hupiga mara moja, mmoja wao hutoka akaingia kwao. Kaisho walikuwa wameshashuka wawili, na wote wawili wamekwisha kuzikwa.

Watu wakanywa. Mzee wa pembeni akasema ni vizuri, maana maharage yalikuwa yamechelewa.

Huo ulikuwa mwaka wa 1947. Kemirembe aliendelea kuhudumia wageni wake, lakini mkono wake ulikuwa umepungua kasi. Mumewe, Anatory, alichukuliwa Keya akapelekwa Burma, hakurudi. Habari ya kifo chake ililetwa na mwenzake wa kikosi, akaeleza mto, matope na homa, na jinsi walivyomwacha chini ya mti ambao hakuna aliyejua jina lake. Kemirembe alilia, akanyoa nywele. Lakini kilio bila kaburi hakikumaliza mambo Karagwe. Kibanja, yaani nyumba na migomba yake, kilishikwa na makaburi yaliyomo. Mwanamke mwenye mume aliyelala chini ya migomba hakuwa na wa kumwambia ondoka. Asiye naye alikuwa mtu aliyekaribishwa tu, hata kama amelima hapo ujana wake wote. Kibanja kile Anatory alikifyeka mwenyewe kutoka porini, akapanda milamula ya mpaka kwa mkono wake, kwa hiyo hakikuwa na kaburi hata moja. Wala hawakujaliwa mtoto.

Aliyefia mbali aliweza kuzikwa bila mwili. Ndugu yake wa kiume huchimba, hulaza shina la mgomba lililoviringishwa nguo ya gome, hutupa udongo wa kwanza, mambo yakaisha. Kazi hiyo ilikuwa ya Rwezaura, mdogo wake Anatory. Rwezaura alikuwa mtu wa tabasamu, hakuingia nyumba ya mtu mikono mitupu, na kila alipoulizwa juu ya maziko alisema hawezi kumfukia kaka yake ilhali pengine yu hai. Siku akirudi, angemtazamaje? Watu waliyasifu maneno hayo. Akishayasema alipita nyuma ya nyumba, akatembea kati ya migomba ya Kemirembe akiigusa mmoja mmoja, kama mtu anayechagua. Mwaka huo alikuwa amezungumza na jumbe wa kijiji, Kamugisha, wakaelewana: mvua za kupanda zikishaanza, kibanja kisicho na kaburi kirudi kwa ukoo. Ukoo ulikuwa Rwezaura.

Basi kwa Kemirembe mvua ile ilikuwa inakuja na mambo mawili, na hakuweza kuliomba moja lifike na jingine libaki njiani.

Tangu siku hiyo kazi ya Kituntu ikawa kuifuata mvua kwa masikio. Adelgunda, jirani yake Kemirembe, aliyekuwa hawezi kukaa na habari mpaka ipoe, alihamishia mkeka wake kando ya barabara, akawa anasimamisha kila apitaye. Jioni alikuja na mavuno yake, nyumba ikajaa kumsikiliza. Mvua imelala Isingiro, juu ya kilima, imeangusha barafu na maua ya mibuni yamekwenda. Mvua imefika Nkwenda, ikapotea njia, maana mama mmoja alikuwa amehama. Imeulizia kwa majirani, wakaionyesha. Imekaa hapo kutwa, mazishi yalikuwa makubwa, ng'ombe alichinjwa.

Projestus, mfanyabiashara wa Bukoba, alisema ameipita kwa baiskeli. Yeye alikuwa Mluteri asiyegusa rubisi, ila alipenda kukaa penye watu, akinywa maji yake taratibu kama yana kileo. Alieleza kwamba mbele ya mvua kuna upepo wenye harufu ya vumbi lililolowa, halafu harufu ya chuma, halafu jasho la wanaume. Aliwasalimia, na wa mbele wakamwitikia.

"Inaweza kupinda?" aliuliza Rwezaura, ambaye siku hizo naye alikuwa haukosi mkusanyiko. "Tuseme, ishike njia ya Muleba bila kufika kwetu?"

"Inafuata watu wake," alisema Projestus. "Sikuiona ikifuata njia."

Jumbe Kamugisha akaamuru mitaro ya barabara izibuliwe, kwa kuwa mvua ilikuwa inatarajiwa. Wanawake wakaanua kahawa mikekani. Kemirembe aliezeka upya upande uliokuwa ukivuja, akafagia uwanja, akachagua mahali nyuma ya nyumba penye udongo laini. Habari ya mwisho ilitoka Nyakahanga: mvua imepita kando ya misheni bila kunguruma hata kidogo, kwa ajili ya wagonjwa, na ngurumo ilibebwa mpaka ng'ambo ya bonde ndipo ikaachiwa.

Iliwasili Alhamisi, jua likiwa utosini. Kwanza kilima cha mbele kilifutika, halafu mibuni ya huku ikafutika, halafu ukimya ukaja, kuku wakaingia ndani wenyewe. Maji yakasimama juu ya kibanja cha Kemirembe. Radi ikapiga mara moja. Anatory akaingia mlangoni, akainama kidogo kama alivyozoea, kwa kuwa mlango aliujenga mfupi.

"Karibu, waitu," alisema Kemirembe kwa heshima.

"Asante. Habari za hapa?"

"Nzuri. Za safari?"

"Ndefu. Mama yupo?"

"Alitangulia."

"Hatukuonana," alisema Anatory, akavua kofia.

Kemirembe alimpa kigoda. Akachukua kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, zile zilizochemshwa na majani yenye harufu nzuri, akampa kwa mikono miwili kama anavyopewa mtu aliyetoka mbali. Anatory akachukua mbili, akazitafuna. Maji yalikuwa yakimtoka viwikoni bila kukoma, yakachimba kishimo sakafuni. Adelgunda aliyaona yote hayo kutoka mlangoni, na kabla ya jioni Kituntu nzima ilikuwa imeyaona kwa macho ya Adelgunda.

"Nimekuja kuzikwa," alisema Anatory. "Wenzangu wamezikwa siku waliyofika. Mvua inaningoja, lakini ina watu wa Ihangiro bado. Mwite Rwezaura."

Rwezaura alikuja na kuku mkononi. Alimwamkia kaka yake, akamlilia kwa heshima zote, akasema jambo kubwa kama hili si la kuamuliwa jikoni, liende kwa jumbe.

Asubuhi yake wakakusanyika kwa Kamugisha, wazee kibarazani, wengine chini ya majani ya migomba, mvua ikiwa imesimama juu yao wote. Kemirembe alieleza kwa maneno machache. Mume amefika, amefia vitani, anaomba azikwe kwake. Hakuna aliyepinga neno hata moja. Rwezaura akaomba kumuuliza kaka yake.

"Kaka, unakula?"

"Sili."

"Unalala?"

"Silali."

"Lakini umetembea kutoka kwako hadi hapa."

"Nimetembea."

"Wazee, mimi nilifundishwa kuzika mtu aliyelala. Huyu nikimtupia udongo ataniuliza kwa nini namchafua." Watu wakacheka kidogo, na Anatory naye akatabasamu, kwa sababu mdogo wake alikuwa hivyo tangu utoto. "Haya. Kama hazikwi kwa kuwa anatembea, basi yu hai, arudi kwenye kibanja chake, mimi niondoke. Nakubali. Ila nasikia jana shemeji alimpa kahawa."

Kamugisha akamuuliza Kemirembe kama ni kweli. Akasema ni kweli, alimpa.

"Kwenye kikapu? Kwa mikono miwili?"

"Kwenye kikapu."

Wazee wakatazamana. Kahawa kwenye kikapu ni ya mgeni. Mwenye nyumba hapokewi hivyo. Huingia, akajichotea mwenyewe, au akaulizia mbona zimeisha. Adelgunda alianza kusema kwamba ile ilikuwa heshima tu, mtu ametoka Burma. Akaambiwa anyamaze, maana habari yenyewe ameileta yeye.

Ikabaki Kamugisha kuamua. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekula mara nyingi kwa Rwezaura, na mtu akila hufikiri upande wa chakula. Alisema maiti hamiliki kibanja, kwa hiyo Anatory hawezi kukidai. Mtu anayetembea hazikwi, kwa hiyo kaburi halichimbwi. Na mgeni aliyepewa kahawa mlangoni hageuki kuwa mwenyeji kesho yake. Mvua zimeanza. Kibanja kirudi kwa ukoo.

"Nimesikia," alisema Anatory. Jeshini alikuwa amezoea kusikia.

Kemirembe akaondoka. Alikwenda nyumbani akachukua jembe, akachimba mahali alipokuwa amepachagua. Wateja wake wote wakamfuata. Walijaa uwanja mzima kama siku ya rubisi, wakasimama, lakini wanaume hawakugusa jembe, maana kuchimba kaburi bila ruhusa ya ndugu ni kujitakia ugomvi na ukoo. Adelgunda peke yake alishika jembe la pili. Alichimba akilia, na safari hii hakuwa na la kusimulia.

Shimo lilipotosha, Anatory alishuka, akalala, akaweka kofia kifuani. Kemirembe akatupa udongo wa kwanza. Udongo ukateleza pembeni. Akatupa tena, ukateleza tena, maji yakapanda chini ya mgongo wa Anatory yakamwinua polepole, mpaka akawa anaelea sawa na nyasi, akimtazama mkewe.

"Bado," alisema.

Kemirembe aliendelea mpaka viganja vyake vikachubuka. Rwezaura alikuwa amesimama penye milamula, amejifunika jani la mgomba. "Usijichoshe, shemeji," alisema. Alisema kwa upole, na upole ule ulikuwa wa kweli. Wangeweza kumwomba atupe konzi moja tu ya udongo, na Byarugaba alimwomba. Rwezaura akajibu kwamba jumbe amekwisha kuamua, na yeye ni nani.

Alasiri mvua iliondoka kuelekea Ihangiro. Watu wakaisindikiza kwa macho, ngurumo nyuma, maji mbele, kilima hadi kilima. Kipande kimoja kikabaki. Kilikuwa juu ya kibanja cha Anatory, kikifuata milamula yake mmoja baada ya mwingine, penye kona kikikata kona. Mtu akisimama mpakani, bega moja lililowa na jingine likabaki kavu. Kamugisha alikuja kuona, akazunguka mpaka wote. Alisema inaonekana wazi kuwa mvua hii ni ya Anatory, wala hakuna anayembishia. Kesi iliyoletwa kwake ilikuwa ya kibanja.

Kemirembe alihamia Nyakahanga kwa kaka yake, akapewa chumba na sehemu ya kulima maharage. Rubisi aliendelea kuuza, na nyumba ya kaka yake ikawa haina pa kukaa. Rwezaura alihamia kwenye kibanja pamoja na mkewe. Migomba ya pale ilizaa kuliko ya mtu yeyote Kituntu. Mikungu ilibebwa na watu wawili wawili, na kanisani siku ya mavuno padri aliitaja. Anatory alizunguka humo humo kati ya mashina, hakumsumbua mtu. Mke wa Rwezaura alikuwa akimwamkia kila asubuhi na kumwomba afukuze ndege.

Ukame ulipokuja, mwaka wa pili, chemchemi za Nyakahanga zilikauka. Kemirembe alichukua mtungi akatembea mpaka Kituntu. Hakuingia. Alisimama nje ya milamula, mguuni kwake vumbi, na Anatory akaja akasimama upande wa pili, maji yakimtiririka usoni.

"Wameafikiana kunizika?" aliuliza Anatory.

"Bado."

"Mkono wako ulipona?"

"Ulipona."

Kemirembe akanyoosha mtungi mpakani, ukaanza kujaa. Rwezaura alitoka mlangoni, akamwona, akampungia mkono kwa furaha.

"Chota, shemeji, chota tu," alisema. "Hapa hatumnyimi mtu maji."

Kemirembe akasema asante. Mtungi ulipojaa alijitwisha, akamuaga mumewe, akashika barabara ya Nyakahanga.