Kipa wa Mkopo Shambani Mofu

Brigitha hakuwahi kufundishwa kudaka mpira. Alichojua ni kuamia ndege. Tangu ana miaka saba, kila mpunga ulipoanza kujaa, alipanda dungu la miti lililosimama katikati ya shamba la baba yake kule Mofu, akiwa na kombeo na rundo la vidongo vya tope, na kuanzia alfajiri mpaka jua kuzama hakumruhusu kwelea hata mmoja atue. Kwa hiyo walipomsimamisha golini kwenye mashindano ya kata, yeye aliona jaruba la mpunga lenye nguzo mbili. Kila kilichokuja angani alikipiga ngumi huku akipiga ukelele: "Hayaaa! Toka!" Alipiga mipira ya wapinzani, akapiga na pasi za wenzake. Mechi sita, hakikutua kitu.

Mechi ya sita ilimkuta kocha Makame uwanjani. Alikuwa kocha wa Mnarani Queens, timu ya ligi kuu kutoka Dar es Salaam, na Ifakara alikuja kumsalimia shangazi yake tu. Kesho yake asubuhi alikuwa Mofu, viatu mkononi, mkataba kwapani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akajibu mzee Tadei, baba yake Brigitha. "Pita hapa kwenye kingo, usinikanyagie mpunga."

Brigitha alikuwa juu ya dungu, anasikia kila neno na kujifanya hasikii. Alikuwa na miaka kumi na saba, mkataba ulihitaji sahihi ya mzazi, na dirisha la usajili lilikuwa linafungwa keshokutwa.

"Mtoto nakupa," akasema baba yake. "Ila kuvuna bado wiki tatu. Nani ataamia?"

"Si utatafuta mtu, mzee wangu?"

"Watu wote wako kwenye mashamba yao. Nyie mna makipa wangapi?"

"Watatu."

"Mimi ninaye mmoja. Niachie mmoja wa kwenu, kwa mkopo. Si ndivyo mnavyofanya? Nasikia kwenye redio."

Makame akacheka. Mzee Tadei hakucheka. Makame akaacha kucheka, akampigia simu mwenyekiti wa klabu. Kilichomshangaza Brigitha ni kwamba mwenyekiti hakuuliza lolote, ila kama chakula na malazi ni juu ya klabu mwenyeji.

Siku iliyofuata bodaboda ikamshusha Amira, kipa namba moja wa Mnarani, glavu mkononi, viatu vyeupe. Alikuwa amefungiwa mechi nne kwa kumfokea refa, na klabu ilikuwa imemwandikia barua kwamba akipaza sauti tena, anafukuzwa.

"Kwanza vipimo," akasema mzee Tadei, akammulika koo kwa tochi. "Koo zima. Panda tukuone."

Amira akapanda dungu. Haukupita muda, kwelea wakaja kama wingu. Amira hakusema kitu. Aliruka kutoka juu ya dungu, akadaka ndege mmoja hewani, akaanguka naye kwenye tope na kumkumbatia kifuani, kajikunja, akisubiri filimbi.

"Mmoja," akasema mzee Tadei. "Wamebaki kama elfu nne."

"Tadei!" akaita Ndaki kutoka shamba la jirani. "Kama humtaki, mimi namsajili! Wangu hata kudaka hawajui!"

"Nyamaza wewe, mazungumzo hayajavunjika!"

Lakini mkataba aliukunja bila kuutia sahihi, akauingiza mfukoni. Brigitha alihisi kama ni yeye aliyekunjwa. Hakuwa amezoea kuongea na wageni. Hata kumsalimia Makame alikuwa amemsalimia akiangalia chini. Wingu lilikuwa linazunguka, likirudi. Akaingia kwenye tope mpaka alipolala Amira, akachuchumaa.

"Dada, mwachie huyo."

"Nikimwachia si goli?"

"Huku hatudaki. Huku tunafukuza. Piga kelele."

"Nimekatazwa. Nina barua."

"Barua inasema usimfokee refa," akasema Brigitha kwa sauti ndogo. "Hawa siyo marefa."

Amira akamwachia ndege, akainuka, tope likimchuruzika. Akaliangalia wingu kwa muda mrefu.

"Yule wa mbele," akasema polepole, "anafanana naye."

Halafu akajaza kifua. "Ile haikuwa penaltiii!"

Bata wa Ndaki wakakimbilia mtoni. Kwelea wakapinda wote kwa pamoja, wakaenda moja kwa moja kushukia shamba la Ndaki, naye akaanza kulalamika kwamba hiyo ni faulo.

Mzee Tadei akautoa mkataba, akatia sahihi juu ya goti lake. Kidole chake kikaacha alama ya tope pembeni. Hakumwangalia binti yake.

"Nenda," alisema. "Wasikutulie."

Mechi ya kwanza ya Brigitha ilichezwa wiki mbili baadaye, jukwaani watu wachache, kimya hata unasikia makocha wakikohoa. Wiki nzima Makame alikuwa amembembeleza adake. Dakika ya themanini na moja ikapigwa kona, mpira ukaja vilevile kama ndege wanavyokuja, kutoka kwenye jua.

"Hayaaa! Toka!"

Ngumi. Mpira ukavuka nusu ya uwanja. Hata refa alirudi nyuma hatua mbili. Mechi ikaisha bila bao, na Brigitha alikuwa hajavua soksi simu ilipoita.

"Uliwafukuza kama dakika ya themanini na moja?" akauliza baba yake.

"Ndiyo, baba. Ulikuwa unasikiliza?"

"Amira alikuwa amekwenda kula. Redio niliining'iniza kwenye dungu. Wakashuka wengi, mwanangu, nikasema leo basi, tumekwisha. Halafu nikakusikia. Wameruka wote. Mpaka wa kwa Ndaki."

Brigitha alifuta macho kwa glavu aliyoachiwa na Amira.

"Mnacheza tena lini?"

"Jumatano. Saa kumi."

"Jumatano, saa kumi," akarudia mzee Tadei, taratibu, kama mtu anayeandika. "Basi siku hiyo Amira nitampumzisha."