Seli Isiyo na Kiini

Siwema alitumbukiza kata mtungini ili amchemshie bintiye Tatu maji ya kunywa, na kata ikatoka na kijidudu kikubwa kama kidole gumba. Umbo lake lilikuwa la kipande cha muhogo uliomenywa, mviringo huku na huku, na nyuma kilikuwa na vimikia vilivyozunguka bila kupumzika. Akakitoa, akakitupa uani karibu na kinu, akamwaga maji yale na kuchota mengine. Katika yale mengine vilikuwamo viwili.

"Mwanamkuu," alimwita jirani yake aliyekuwa akipepeta mpunga upande wa pili wa ua. "Kwako navyo vimeanza?"

"Mbona zamani," Mwanamkuu akajibu bila kuacha kupepeta. "Mie nachuja kwa kanga. Vikubwa vinabaki, vidogo tunakunywa."

Kijiji kizima cha Marui kilikuwa kikichuja kwa kanga na kunywa vidogo. Watu wa Marui walikuwa hodari wa kuzoea. Walizoea kodi, walizoea nguruwe wanaofukua mihogo, wakazoea na homa ya matumbo iliyopita kila masika na kuchagua watoto. Masika yaliyopita ilimchagua Mfaume, mtoto wa kwanza wa Siwema. Tatu ndiye aliyebaki. Baba yao, Kibwana, alikuwa mbali kwenye mashamba ya mkonge, na habari ya msiba ilimfikia mwanawe akiwa ameshazikwa na matanga yameshaondolewa. Kwa hiyo Siwema hakuchuja. Alichemsha, akapooza, na akamkataza Tatu kugusa maji ya mtungini kabla mama hajayapitisha motoni.

Faida ya vijidudu kuwa vikubwa ni kwamba vilionekana vinakotoka. Wanawake waliokwenda kisimani asubuhi walivikuta vikiteremka mlimani kwa foleni, vikiteleza juu ya ute wao, vya mbele vikiingia kisimani na vya nyuma vikingoja zamu kwa adabu kuliko watu wa sokoni. Foleni ilianzia katika choo cha Jumbe Mwinyimadi, mkuu wa kijiji. Jumbe alikichimba choo kile juu ya kisima kwa sababu moja tu, kwamba pale palikuwa na upepo mzuri, naye alipenda kupungwa na upepo akiwa na shughuli zake. Maji ya kisima yalikuwa hayamhusu. Nyumba yake ndiyo peke yake yenye bati Marui, na chini ya bati lile lilikaa pipa la mvua lenye mfuniko.

Kila mtu aliiona foleni ile, na hapana aliyesema. Kwanza, Jumbe ni Jumbe. Pili, neno choo halitamkwi mbele ya mkubwa. Mtu mwenye malezi husema msala. Anakwenda msalani, anatoka msalani, na anayesikia anajua haukusudiwi mkeka wa kuswalia, ingawa jina ni moja. Heshima ya Marui ilikuwa nyingi mno, imewajaa hadi kooni, wala isingeshuka ikawapa nafasi ya kumeza mate wakasema.

Kile kijidudu cha kwanza, cha uani kwa Siwema, kilikula ukoko, kikala maganda ya mihogo, kikakua. Kilipokuwa kikubwa kama mbuzi kilivunja ua. Kilipofikia ukubwa wa nyumba kilijiburuta hadi kiwanjani mbele ya baraza la Jumbe, pale maji machafu ya choo yalipotuama, kikatulia kikishiba. Kuku walikaa kivulini mwake.

Jumbe aliwapelekea habari wakubwa wa Kisarawe, nao wakamleta Bwana Afya. Jina lake Adamu, mtu wa kaptula iliyopigwa pasi na soksi za magotini, aliyejifunza Dar es Salaam na asiyechoka kukumbusha kuwa alijifunza Dar es Salaam. Alikula kwanza. Jumbe alimchinjia jogoo, akala wali na jogoo, akaenda msalani, akarudi akifuta mikono, ndipo akachukua fimbo akaanza kuwafundisha watu waliokusanyika.

"Hili la nje ni koti la ute. Linakilinda kisikauke, kisishikwe. Chini yake ukuta, mgumu, ndio unaokipa umbo. Chini ya ukuta, utando. Utando ndio bawabu. Una vilango, vinachagua cha kuingia na cha kutoka. Maji yanapita. Sukari inaitwa, inakaribishwa. Vingine vinabaki nje." Akagusa ile mikia. "Hii ni ya kuogelea. Na hizi nywele ni za kujishikiza. Kwa ile moja ndefu, yenye uwazi ndani, kinampelekea mwenzake pete."

"Pete ya nini?" akauliza Jumbe.

"Pete ya ujanja. Kijidudu kimoja kikishajua namna ya kuishinda dawa, ujanja ule kinauandika katika kijipete, kinampa jirani. Hakuna haja ya kuwa ndugu."

Jumbe akatikisa kichwa kwa heshima.

"Ndani mna uji," Bwana Afya akaendelea, "na punje nyingi zinazofanya kazi usiku na mchana kutengeneza vyakula vya mwili. Amri zinatoka katika huu uzi mrefu uliojisokota katikati. Lakini tazameni, uzi hauna chumba. Sisi binadamu, kila chembe ya mwili wetu uzi wake umewekwa katika chumba chake, kinaitwa kiini. Hiki hakina kiini. Kinaishi tu, kinakula, kinajigawa."

Siwema alimtazama Bwana Afya, akamtazama na Jumbe, akaona kuwa habari ya binadamu kuwa na kiini inahitaji kuchunguzwa tena.

"Basi kwa jumla," Bwana Afya akamaliza, "kitu hiki ni seli. Seli moja, kamili."

Jumbe akainuka. Kwa muda mrefu alikuwa akiomba apewe chumba cha kuwafungia watu wakorofi. Jumbe wa Kongowe alikuwa nacho, cha udongo, chenye kufuli, na kila walipokutana alikitaja. Sasa mtu wa serikali amesimama mbele ya umma na kusema hii ni seli.

"Alhamdulillahi," akasema Jumbe. "Serikali imetukumbuka."

Bwana Afya alifungua mdomo. Angeweza kueleza kwamba seli aliyoisema yeye si ile ya polisi, na maelezo yenyewe yasingezidi sentensi moja. Lakini mguu wa pili wa jogoo ulikuwa bado sahanini, na mwenye jogoo alikuwa na furaha. Akaufunga mdomo, akaufungua tena kwa ajili ya ule mguu.

Siwema aliona kuwa siku ya kusema ndiyo ile. Mtu wa serikali yupo, foleni inaonekana kwa macho kutoka barazani, na shahidi mwenyewe amelala kiwanjani kama nyumba. Akapita mbele, akapiga magoti.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba, mama Tatu."

"Jumbe, hivi vitu vinatoka kwako. Vinateremka kutoka msalani vinaingia kisimani. Msala wako ndio uliomuua mwanangu Mfaume, na nimebaki na mmoja. Naomba uhamishwe, uwekwe chini ya kisima, si juu. Tutauchimba sisi wenyewe. Wewe utakuja kukaa tu."

 Jumbe akanyoosha mkono nyuma yake, akauchukua mkeka wake wa kuswalia, akaukunjua, akaunyanyua juu ili wote wauone.

"Mmesikia, Waislamu? Msala wangu huu, ninaosujudia juu yake mara tano kwa siku, umeua mtu. Anataka nikauzike chini ya kisima."

Hapana hata mmoja pale aliyekosa kuelewa Siwema alisema nini. Watoto walielewa. Bwana Afya alielewa kuliko wote, kwa kuwa alikuwa ametoka huko punde tu. Wazee wakatazama makubazi yao miguuni. Wakaanza kunong'ona kwamba kweli, maneno mengine si ya kusema, dini ni dini.

"Sema choo basi," Mwanamkuu akamnong'oneza.

"Choo, Jumbe," akasema Siwema kwa sauti. "Choo chako. Choo."

"Na matusi juu," akasema Jumbe, akaukunja mkeka wake polepole. "Mbele ya mgeni."

Siwema akahukumiwa kukaa selini mpaka auombe radhi msala. Jumbe hakusema ni msala upi.

Tatizo lilikuwa namna ya kumwingiza, maana seli ile haikuwa na mlango wa mtu. Bwana Afya, aliyekosa sauti ya kutetea, aliipata ya kushauri. Alisema utando unapenda sukari. Wakamleta Siwema, wakampaka sukari guru kuanzia unyayo hadi utosini, wakamsukuma kwenye ukuta. Vilango vikamwonja, vikamkubali, akaingia. Makarani wote wa Kisarawe hawajawahi kumpokea mtu wa Marui kwa wepesi ule.

Ndani mlikuwa na vuguvugu. Alikaa kwenye uji uliomfika kifuani, punje zikimgongagonga na kuendelea na kazi zao, uzi ule wa amri ukimpitia mgongoni. Kupitia ukuta aliweza kuona nje kwa ukungu wa rangi ya maji ya mchele. Aliiona foleni ikiteremka. Alimwona Bwana Afya akipanda baiskeli na kuondoka, kitambaa chenye wali kimefungwa nyuma ya kiti.

Seli ikajigawa. Uzi ulijinakili, ukuta ukabonyea katikati kama kiuno cha nyigu, pakawa na mbili zilizo sawa, na Siwema akabaki katika ile ya upande wa baraza. Habari ikafika Kibaha, upande wa Kongowe. Jumbe Zahoro wa Kongowe, yule mwenye chumba cha udongo, akaja mwenyewe kuiomba ya pili, kwa kuwa chumba chake kilikuwa kinavuja. Kabla haijasukumwa kwenda Kongowe, seli ya Marui ilitoa unywele mrefu, ikaugusa ubavu wa mwenzake, na Siwema akaona kijipete kikipita ndani ya unywele ule. Wakati uleule majumbe wawili walikuwa wameketi barazani, vichwa vimekaribiana, Mwinyimadi akimweleza Zahoro kwamba ukitaka kumpata mtu mwenye adabu, usimshike. Mngoje tu aseme msala.

Siwema hakuwa na nia ya kuomba radhi. Aliwadharau mno, kuanzia mwenye mkeka hadi mwenye baiskeli, na wale waliotazama makubazi aliwadharau zaidi. Dharau ile ilimshibisha, akadhani itamtosha.

Kisha akamwona Tatu. Mtoto alitoka nyumbani na mtungi mdogo, kanga ya mama yake ikiburuta chini. Moto ulikuwa umezimika na hapakuwa na wa kuuwasha. Akaenda kisimani, akangoja foleni ya vijidudu impishe, akachota. Akachuja kwa pindo la kanga, kama alivyoona kwa Mwanamkuu. Vikubwa vikabaki.

Siwema akapiga kelele. Aliita, "Jumbe, naomba radhi. Nauomba radhi msala. Yote miwili." Aliyasema tena na tena, mdomo umegusa utando. Lakini bawabu yule ana orodha yake. Maji yanapita, sukari inakaribishwa, na maneno ya mtu wa Marui hayamo katika vinavyohitajika. Yalibaki ndani, yakaelea kwenye uji pamoja na punje.

Jumbe Mwinyimadi alipita karibu akiwa na kopo lake la maji, maji safi ya pipani. Alisimama, akatega sikio kwa haki kabisa, asisikie kitu.

"Mwanamke jeuri," akasema, akaendelea kupanda mlimani kwenye upepo.

Tatu akafika ukutani na mtungi wake. Alimwona mama yake akichezesha midomo, akajua ana kiu. Akachota kata, akanywa yeye kwanza nusu, kwani jua lilikuwa kali, na ile nusu iliyobaki akaimwaga taratibu juu ya ukuta. Maji yakapita.