Dakika ya Kunyamaza

Mama Redio alikuwa na mtoto mmoja tu, na mdomo wa mtoto huyo haukujua kupumzika. Alizungumza akila, akioga, hata usingizini, ndiyo maana mtaa mzima ukamwita Redio, na mama yake, fundi cherehani, naye akaitwa kwa jina hilo. Shuleni kila Ijumaa aliadhibiwa pamoja na wapiga kelele wengine. Tusidanganyane, alikuwa anachosha.

Kisha siku moja kijana mmoja akaingia shuleni na bunduki. Mwalimu wa darasa la tatu aliwasukuma watoto, Redio akiwemo, kwenye stoo ya vitabu, akazima taa. Wakapatikana. Waliotoka hai ni mwalimu mwenyewe, risasi kwenye nyonga, na wasichana wawili walioangukiwa na wenzao. Muuaji alikuwa amejimaliza, na hasira za watu zilitaka pa kutua. Wakajiuliza watoto waligunduliwaje gizani, na jibu hawakulitafuta mbali. Nani asiyemjua Redio? Hakuna aliyethubutu kumwambia mama yake usoni. Walipeleka tu nguo zao kwa fundi mwingine. Na kila mwaka kwenye kumbukumbu, baba wa mapacha, aliyezika wote wawili, akimwona Mama Redio amekaa, huhamia safu nyingine.

Mwaka wa kumi na moja mwalimu yule alirudi kwa mara ya kwanza, anatembelea mkongojo. Mwalimu mkuu akaomba dakika moja ya kunyamaza. Mama Redio aliichukia dakika hiyo kuliko hotuba zote, maana ndipo alipohisi macho ya watu mgongoni. Safari hii aliivumilia kwa ajili ya swali moja. Watu walipoanza kukunja viti, akamfuata mwalimu.

"Mwalimu, usinifiche. Ni mwanangu aliyepiga kelele?"

Kumbe maneno hayo hayakuwahi kumfikia mwalimu. Alihamia mbali baada ya hospitali, na watu waliona haya kumuuliza yeye au wale wasichana wawili.

"Redio? Redio hakutoa hata sauti, mama. Niliwaambia wanyamaze, akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Yule kijana alisoma hapahapa. Stoo aliijua, alikuja moja kwa moja."

Baba wa mapacha alikuwa nyuma yao, kiti mkononi. Alisikia yote. Akakiweka kiti chini, akavua kofia, akasema, "Mama Redio, nisamehe."

Miaka yote hiyo Mama Redio alikuwa tayari kumtetea mwanawe kwa yeyote, na moyoni, kwa siri, akaomba iwe kweli alipiga kelele: kwamba alilia, alibisha, aliita. Ndicho kitu pekee alichokuwa amebaki nacho. Akakaa kwenye kile kiti.

"Kumbe hata mimi hakuniita," akasema.