Boksi la Joka

Katika chumba cha kazi cha mjomba hakuna aliyeruhusiwa kushika boksi kwa mkono mtupu. Jasho huacha alama, na wakusanyaji wanaonunua kwake vitu vya magemu wanaona alama ambazo mimi na wewe hatuzioni. Tulivaa glavu nyeupe za pamba. Boksi lilipigwa picha mbele, nyuma na kwenye pembe, kisha tukaipiga picha lebo ndogo inayong'aa, ile ya kampuni inayoonyesha kwamba kitu ni halali wala si bandia. Halafu mimi nikaandika kwenye kompyuta jina la gemu, mwaka, aina ya kitu na hali ya boksi. Vitu vyenyewe vilikuwa vikombe, kofia, masanamu, mapanga ya plastiki, mito yenye sura za majini. Shule niliiacha darasa la tano, kwa hiyo majina ya kigeni niliyanakili herufi kwa herufi, kama mtu anayechambua mchele.

Kanuni iliyozipita zote ni hii: boksi lenye lakiri ya kiwandani halifunguliwi. Likifunguliwa limekufa. Mjomba alilitamka neno hilo kwa sauti ya msibani.

Siku ile alikuwa ametoka kwenda kumchukua mteja, mkusanyaji aliyekuja kutoka mbali kuiona taa ya joka. Taa yenyewe ilikuwa ya gemu moja ya zamani, joka lililojikunja, linalowaka macho bila waya. Boksi lake halikuwa limefunguliwa tangu litoke kiwandani. Nyumbani tulibaki mimi na mpiga picha, dada mmoja asiyeishiwa maneno, pamoja na bibi, mama yake mjomba, ambaye miguu ilikwisha kumkatalia. Bibi alilala chumba cha nyuma. Mlango wake ulikuwa mmoja tu, nao ulitokea kwenye chumba chetu cha maboksi. Dirisha lake lilikuwa na nondo.

Nililitoa lile boksi rafuni nikaliweka juu ya meza ya picha. Halikutulia. Liliyumba kama kigoda chenye mguu mfupi.

"Kimya, hebu linyooshe," alisema mpiga picha. Kimya ndilo jina walilonipa pale nyumbani.

"Halinyooki."

"Loo, leo umesema. Ngoja niandike ukutani."

Nililigeuza. Upande wa chini ulikuwa umefura kama shavu la mtu mwenye jino bovu.

"Unyevu huo," akasema. "Na wewe umepaka rangi ya kucha? Chumba kizima kinanuka dawa ya kufutia."

Sikuwa nimepaka. Nilivua glavu, nikaweka kiganja pale palipofura. Palikuwa na joto, joto la paji la uso la mtoto mwenye homa.

Niliwahi kuona betri ya simu iliyofura hivyo, yenye harufu hiyo hiyo, kwa fundi simu wa mtaani kwetu. Aliiweka peke yake juu ya bati, nje ya kibanda, na mteja mmoja alipotaka kuichokoa kwa kalamu, fundi alimrukia kama mtu aliyeona nyoka.

"Dada, humu ndani kuna betri. Imefura."

"Umeiona?"

"Sijaiona. Lakini boksi lina moto."

"Chenye moto ni woga wako. Juzi si ulimkimbia mjusi?" Akarekebisha kamera. "Ukilifungua hilo, mjomba wako atatuuza sisi badala yake. Na mimi na mwili huu, sijui nani atanibeba."

Nilimpigia mjomba. Simu iliita mpaka ikakata. Nikaenda kwa bibi.

"Bibi, twende nje kidogo."

"Nje kuna nini?"

"Jua."

"Jua nalijua tangu mama yako hajazaliwa. Niache nilale, mjukuu wangu."

Nilipitisha mikono chini ya mabega yake, nikavuta. Hakusogea hata kidogo. Nilimtazama alivyolala, nikatazama mlango, nikatazama rafu zilizojaa karatasi na plastiki kutoka chini hadi darini. Kama bibi hatoki, basi ni boksi litoke.

Niliporudi mezani, kitu kililia ndani ya boksi. Mlio ulikuwa mdogo, kama wa ukucha unaokatwa. Safari hii mpiga picha hakucheka. Alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta.

Nilililaza juu ya sinia la bati nikalibeba mbali na kifua. Nilitaka kukimbia, nikaogopa kulitikisa. Nilitaka kwenda polepole, nikaogopa kuchelewa. Sebuleni nikakutana nao uso kwa uso, mjomba na mteja wake, mwanamume mwembamba aliyekwisha kutoa glavu zake mwenyewe mfukoni.

"Unalipeleka wapi hilo?" mjomba akauliza. "Na mbona mikono mitupu?"

Nililikaza sinia. Nilimpita mjomba wangu kama sijamwona, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani, nikatoka uani, nikaliweka kwenye sakafu ya saruji karibu na karo la kufulia.

Alikuja nyuma yangu akihema kwa hasira, akainama alichukue. Nilimshika shati kwa mikono miwili.

"Niachie."

"Mjomba, usiguse."

"Nimesema niachie, binti."

Sikumwachia. Kifungo kimoja kikakatika. Hapo ndipo boksi lilipopiga mluzi, moshi mweupe ukatoka kwenye pembe, kisha moto mrefu mwembamba ukalipasua katikati. Tulianguka wote wawili. Mteja alisimama mlangoni, akiwa amevaa glavu moja.

Plastiki iliyeyuka mpaka ikaisha.

"Mengine yenye betri ni yapi?" mjomba akauliza, bado yuko chini.

Mpiga picha alikuwa amefika uani. "Tutajuaje, bosi? Hatuyafungui. Tunaandika ya nje tu."

Mjomba aliniangalia. Nadhani tuliliona jambo lile lile kwa wakati mmoja.

"Mama," akasema, akakimbilia ndani.

Alimtoa amembeba mgongoni, bibi akimpiga ngumi begani na kumuuliza kama amelewa. Tulimkalisha kivulini, kwenye kiti. Kisha mjomba akarudi hadi mlango wa chumba cha maboksi, akasimama pale pale.

"Njoo uyashike wewe," aliniambia. Hakutaja glavu. "Mimi siwezi kutambua. Wewe ndiye uliyelitambua lile."

Niliingia. Niliweka kiganja juu ya boksi la kwanza, nikaona lina joto. La pili pia. Nilipangusa mikono kwenye gauni, nikashika la tatu, nalo likawa vilevile, kwa sababu mikono yangu yenyewe ilikuwa inawaka na sikuweza tena kutenganisha hofu na moto.

"Vipi?" akauliza.

"Sijui, mjomba," nikasema. "Tuyatoe yote."

Akalibeba la kwanza.