Ulimi wa Mama Kikaango

Mpishi wa kantini ya kiwanda cha magodoro aliitwa Mama Kikaango, na jina hilo hakusingiziwa. Viazi vya kukaanga vilikuwa ugonjwa wake: huku anakaanga, huku anatafuna. Basi daktari alipomwambia, "Figo yako inamfaa mdogo wako, lakini kwa unene huu hatuthubutu kukupasua," alirudi kazini akajifunga kibwebwe. Mdogo wake alikuwa anaisha kitandani, hata uji haupiti kooni. Nani angekula mafuta hapo?

Akaanza kabichi ya kuchemsha. Mwanzoni aliitafuna kama kitambaa. Baadaye, ajabu! Kabichi ikawa tamu, na karoti ndiyo usiseme. Njaa ilimtia adabu.

Tatizo ni kwamba ilimharibia na ulimi. Siku moja alidondoshea mchuzi wa maharage kiganjani, kama alivyozoea, akaulamba, akafumba macho. Mtamu huo! Akapakua. Kumbe hakutia chumvi hata chembe.

"Mama Kikaango," msimamizi akauliza mbele ya watu, "leo umetupikia au umetuogesha?"

Kantini nzima ikaangua kicheko. Aibu aliyoona, acha tu. Msimamizi akamfuata hadi jikoni, akamwekea sahani ya viazi vya moto. "Kula kwanza, ndipo uonje. La sivyo natafuta mpishi mwingine."

Viazi vilinukia jikoni kote. Akaisukuma sahani kwa muosha vyombo, mama mmoja asiyejua kusema nimeshiba.

"Shoga, kula wewe. Ukimaliza, onja sufuria. Ukisema chumvi haitoshi, naongeza."

"Mimi? Nionje sufuria yako?"

"Onja bwana, kabla sijabadili mawazo!"

Ilimuuma, maana hakuna aliyewahi kuonja kabla yake jikoni humo. Lakini mwiko aliutoa, na tangu siku hiyo mchuzi haukulalamikiwa tena.

Akaendelea na kabichi yake mpaka mizani ya hospitali ikakubali. Wakapasuliwa, dada na mdogo mtu.

Siku chache baadaye walilazwa chumba kimoja. Mdogo wake aligeuza shingo kwenye mto, midomo imekauka, macho yamechangamka.

"Dada, nina njaa."

Mama Kikaango machozi yakamlengalenga. Neno hilo hakulisikia siku nyingi. "Unatamani nini, mdogo wangu?"

"Usinicheke. Viazi vya kukaanga. Vingi."

"Mungu wangu!" Akaushika mshono wake kwa mikono miwili, maana kicheko kilikuwa kinamuumiza. "Hiyo figo yangu, imeshaanza kudai!"